"Omera, Nani Aliandika Hii?" Maswali ya Wasee wa Kisumo Kuhusu Wikipedia

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Dunga. Mathe anageuza ngege kwa karai, kuon bado iko jikoni, na mbogi yetu imejaa kwa benchi ikicheki maboti zikirudi. Chali mmoja wa tuk-tuk, msee wa Nyalenda, ananisongea na simu mkononi. Alikuwa anatafuta stori ya Kisumu akajipata Wikipedia, na ako na swali moja tu: "Omera, nani aliandika hii?"

Hiyo swali nimeiskia stage ya Kondele, nimeiskia kwa kinyozi, nimeiskia hadi kwa matanga huko Seme. Mi huhariri Wikipedia ya Kiswahili kwa kujitolea, usiku nikishatoka job, na wasee wakishajua hawakuachi. Sasa nimezipanga hapa zile maswali hunifikia sana, na majibu bila kona. Zisome poa, ju hii kitu ni yetu sote, na huku ziwani wengi wetu bado tunaisoma tu bila kuigusa.

Nani huandika?

Msee ka wewe. Wikipedia ilianzishwa na Jimmy Wales na Larry Sanger tarehe 15 Januari 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka wa 2003. Mitambo inasimamiwa na Wikimedia Foundation, shirika lisilo la faida lenye makao San Francisco, Marekani. Lakini hao hawakai chini kuandika makala kuhusu Kibuye ama Ahero. Hiyo kazi ni ya wanafunzi, maodijo, manesi, wasee wa ofisi na wasee wa mtaa, kila mmoja kwa wakati wake.

Nilimwambia huyo chali wa tuk-tuk ashuke hadi chini ya page, penye inaonyesha iliguswa mwisho lini, alafu afinye. Historia ikafunguka. Orodha ndefu: tarehe, saa, jina la aliyegusa, kitu iliongezwa na kitu ilitolewa. Akasonga chini, chini, hadi akafika miaka za nyuma kabisa. Akanyamaza kidogo. Hakuwa anajua kila neno iko na mwenyewe, na kila mwenyewe anaonekana. Ata msee akiandika uongo na ifutwe baada ya dakika mbili, hiyo uongo kwa kawaida inabaki kwa historia na mtu yeyote anaeza kuiona.

Mnalipwa how much?

Hakuna ganji. Hakuna matangazo ya biashara kwa page, na yale matangazo ya kuomba mchango huona ni ya kulipia mitambo na kazi ya shirika. Kusoma ni bure, kuhariri ni bure, kufungua akaunti ni bure. Unaitishwa jina na nywila tu. Barua pepe si lazima, ingawa iweke, ju siku utasahau nywila ndo itakuokoa.

Hapa niskize vizuri. Kuna matapeli huambia wasanii na watu wa biashara watume mathao kadhaa ndo watengenezewe page, ama ati walipe "ulinzi" page isifutwe. Usitume ata finje. Wasimamizi wa Wikipedia ya Kiswahili huitwa wakabidhi. Wanachaguliwa na wahariri wenzao, na hawaitishi mtu pesa. Mtu akikuitisha, huyo ni mwizi na umwite hivyo.

Lazima niwe nimesoma sana?

Lazima ujue kusoma, kuandika na kusema ukweli. Anza na kitu ndogo. Jina la mtaa limeandikwa vibaya? Rekebisha. Tarehe imekosewa na uko na gazeti ama kitabu inaonyesha ile ya ukweli? Weka. Makala fupi sana kwa Wikipedia ya Kiswahili huitwa mbegu, na hiyo jina naipenda, ju inakuambia kazi yako: mwagilia. Kuna mbegu mob za miji, mito na samaki zimekaa sentensi mbili, tatu, zikingoja mtu wa hiyo place.

Ukikwama, kila makala iko na ukurasa wa majadiliano na kuna ukurasa wa jumuiya. Uliza huko. Hakuna swali ya ujinga. Mimi pia nilianza kwa kuuliza, na msee sijawahi kumuona kwa macho akanijibu pole pole hadi nikashika.

Naeza andika na Sheng?

Makala, hapana. Makala ni ya Kiswahili sanifu. Fikiria msomaji: ako Lamu, ako Songea, ako Bukavu, ako Muscat. Ukimwandikia "mbogi ilijaza kwa base" hatashika. Sheng ni yetu ya kubonga na ya kuandikiana vitu ka hii unasoma. Kiswahili sanifu ndo inatuweka meza moja na mamilioni ya wasee wenye hawajawahi kanyaga Kondele. Kuandika kuhusu Sheng yenyewe ni sawa kabisa, ju ni somo ka somo lingine.

Na usinikujie na tafsiri ya mashine yenye hujaisoma. Mwaka wa 2020 dunia ilishangaa kujua ati maelfu ya makala kwa Wikipedia ya lugha ya Scots ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani mwenye hakuwa anajua hiyo lugha. Wenyewe wa Scotland walibaki wakifagia. Kiswahili yetu haitaki hiyo aibu. Mashine ikusaidie kuanza, lakini kila sentensi ipite kwa mdomo yako kwanza. Ka mamako hawezi kuisema hivyo, iandike upya.

Mbona walifuta yangu?

Hii ndo huuma wasee sana, na naelewa. Umekesha, umemaliza bando, asubuhi unapata kazi yako imeenda. Mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: ulinakili kutoka site ya mtu, ulisifu badala ya kueleza, ama hukuweka chanzo.

Kuna mtoi wa sekondari, wa Manyatta, aliniletea sentensi yake ikiwa imetolewa. Alikuwa ameandika ati Dunga ndo beach kali kuliko zote Kenya na samaki yake ni tamu ajabu. Tukakaa chini. Nikamuuliza: kali, nani amepima? Tamu, kwa ulimi ya nani? Akafikiria. Alafu nikamuuliza Dunga ni nini kwa mtu mwenye hajawahi sikia hilo jina. Hapo akafunguka: ni kijiji cha wavuvi, iko kusini ya town, kando yake kuna kinamasi cha mafunjo, ile togo masa hutengenezea mikeka, na ndege ni mob.

Tukaandika: "Dunga ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, kusini mwa jiji la Kisumu. Karibu nacho kuna kinamasi cha mafunjo chenye ndege wa aina nyingi." Kwa chanzo tukaweka orodha ya BirdLife International, yenye inahesabu kinamasi cha Dunga kati ya maeneo muhimu ya ndege duniani. Hiyo haikufutwa. Na uicheki vizuri: inaisifu Dunga kuliko ile ya kwanza, ju sasa msomaji ako na sababu ya kukuja.

Namba nazo ziangalie mara mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 kwa Kaunti ya Kisumu. Hiyo ni kaunti nzima, kutoka Seme hadi Muhoroni na Nyakach. Msee akiichukua aiweke ka idadi ya watu wa jiji, amedanganya dunia bila kukusudia, na mwanafunzi fulani atainakili kwa mtihani.

Na ka chanzo yangu ni mzee?

Hapa ndo roho yangu iko, ju hapa ndo Kisumo tunaumia.

Kuna jaduong' mmoja kwa beach, mvuvi wa tangu ujana. Jioni moja alinieleza kwa nini boti za omena hazitoki kila usiku. "Nyathina," akaniambia, "omena inafuata taa. Mwezi ikiwa kubwa, ziwa yote ni taa. Taa yako itamwita nani?" Ndio maana wanatoka zile usiku za giza, wanaelekeza taa juu ya maji, omena inakusanyika chini yake, alafu wavu inazungushwa. Alinieleza pia venye akiwa mtoi fulu zilikuwa zimejaa ziwa, vile visamaki vidogo vya kila rangi, na venye mbuta ikakuja ikazimaliza.

Hakuna kitu alisema yenye haikuwa na maana. Lakini siwezi kuweka kwa Wikipedia "niliambiwa na mzee Dunga." Sheria iko wazi: kila kitu iwe imechapishwa mahali penye msomaji anaeza kwenda kuangalia mwenyewe. Wasee huona hii ni dharau kwa wazee wetu. Mimi pia iliniuma. Alafu nikafikiria upande wa pili: ka mimi naeza kuandika "mzee aliniambia," basi na mwongo wa mtaa mwingine pia anaeza, na msomaji wa Songea hana njia ya kututofautisha.

Kitu nilijifunza ni hii: mzee anakuonyesha penye utachimba. Nilitoka hapo nikaingia maktaba. Taa na giza ya mwezi? Watafiti wa samaki wameandika. Shirika la utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, liko na kituo hapa hapa Kisumu, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye lilianzishwa 1994, liko Jinja. Mbuta? Ilipandwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 ilikuwa imejaa, fulu za aina mamia zikawa zimepungua ama kupotea. Na huko nyuma kabisa, 1929, mtafiti Mwingereza Michael Graham alikuwa ashachapisha ripoti kuhusu samaki wa hili ziwa, akionya ati kuleta samaki mkubwa mla wengine ni hatari. Jaduong' hakuwahi soma Graham. Lakini maneno yake ndo yalinipeleka kwa Graham, na makala ikapata mguu ya kusimamia.

Na penye hakuna kitu imechapishwa? Basi kuna kazi ingine mbele ya Wikipedia. Uko chuo Maseno ama Bondo, fanya utafiti wako wa mwisho juu ya wavuvi, uhifadhiwe maktaba. Uko kwa gazeti ama redio, mhoji mzee, ichapishwe. Peleka stori kwa watu wa Makumbusho ya Kisumu. Wazee wetu hawangoji. Kila matanga tunaenda, kuna kitabu imefungwa na hakuna nakala.

Vitabu zikigongana, mnaamini gani?

Swali safi. Chukua jina la kale la town yetu, Port Florence. Reli ilifika ziwani Desemba 1901. Kuna maandishi yanasema Florence alikuwa bibi ya Ronald Preston, msimamizi wa kutandika reli. Mengine yanasema alikuwa bibi ya George Whitehouse, injinia mkuu. Mhariri hachagui mwenye anampenda. Anaandika zote mbili na kuonyesha kila moja imetoka wapi, alafu msomaji anajionea.

Migingo ndo mtihani kubwa. Ni kisiwa kidogo, mwamba umejaa mabati, na Kenya na Uganda zimekuwa zikivutana juu yake kwa miaka. Mkenya akiingia kwa page anataka kuandika ni yetu, kwisha. Mganda naye hivyo hivyo. Makala ya haki inasema nchi mbili zinakidai, inaeleza kila upande unasema nini, na inataja upimaji wa pamoja wenye ulianza 2009. Kuandika hivyo ukiwa Mkenya, na roho yako inajua penye imesimama, inahitaji kifua. Lakini msomaji akikuamini kwa Migingo, atakuamini kwa zingine zote.

Naeza jiandikia page yangu?

Usifanye hivyo, ata ka wewe ni msanii moto. Mtu hawezi kujiona vizuri mgongo. Swali ya kujiuliza ni: watu wasionijua wameandika kunihusu mahali pa maana? Cheki D.O. Misiani wa Shirati Jazz. Alizaliwa Tanzania, akavuma Kenya, akafa kwa ajali ya barabara Kisumu mwaka wa 2006. Cheki Grace Ogot wa Asembo, aliyechapisha riwaya yake ya kwanza 1966. Hao wameandikwa na magazeti, watafiti na wahakiki kwa miongo. Kabla ya kutafuta page yako, nenda ucheki ka yao imeshiba. Ukiwashibisha hao, umejenga njia yenye na wewe utapitia ukifika.

Odijo alisema nisiamini Wikipedia

Odijo ako sawa, nusu. Mwaka wa 2005 jarida la Nature lililinganisha makala za sayansi za Wikipedia na za Britannica. Kwa wastani likapata makosa karibu manne kwa kila makala ya Wikipedia na matatu kwa ya Britannica. Mwaka huo huo ikajulikana ati mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, alikuwa amesingiziwa kwa page yake ati alihusika na mauaji ya Rais Kennedy, na hiyo uongo ilikaa hapo miezi. Tangu hapo masharti ya kuandika kuhusu watu walio hai yamekazwa sana.

Kwa hivyo tumia hivi: soma makala upate picha yote, alafu shuka hadi vyanzo, ufungue, na hizo ndo utaje kwa kazi ya shule. Ka makala haina vyanzo, itilie shaka. Alafu uitafutie.

Picha naeza toa Facebook?

Hapana. Picha ni ya mwenye aliipiga. Piga yako, na simu yako hiyo hiyo: Kit Mikayi asubuhi, soko ya Kibuye Jumapili, boti za Usenge, daraja ya kijiji chenu. Weka Wikimedia Commons, na ujue unaruhusu yeyote aitumie, hata kwa biashara, bora ataje jina lako. Ka kuna mtu kwa picha, muulize kwanza. Picha moja safi ya hospitali ya mashinani itaonwa na wasee wa lugha kumi.

Na ka sina bando?

Kuna programu inaitwa Kiwix. Unashusha Wikipedia mara moja penye kuna Wi-Fi, alafu unaisoma bila mtandao. Ya Kiswahili inaingia kwa kadi ya simu bila shida. Odijo wa Mfangano ama Takawiri akiwa na kompyuta moja ya zamani, darasa yote iko na kamusi elezo, mtandao iwe ama isiwe.

Basi inanisaidia na nini?

Nitasema ukweli: haitakulipia keja. Lakini utajua kutafuta chanzo, kupima stori kabla ya kuisambaza, na kuandika sentensi yenye mtu hawezi kuiangusha. Agosti 2025 mkutano mkubwa wa wahariri wa dunia, Wikimania, ulifanyika Nairobi, mara ya kwanza Afrika Mashariki. Wenye wanaandika dunia walikuja hadi kwetu.

Mwaka huo huo Wikipedia ya Kiingereza ilipita makala milioni 7. Ya Kiswahili iko na zaidi ya 80,000, na watu wanaoongea Kiswahili ni makumi ya milioni. Hiyo pengo haitazibwa na mtu wa San Francisco. Yeye hajui tofauti ya fulu na omena, na si kosa yake.

Yule chali wa tuk-tuk, kabla ya kuon kuletwa, alifungua akaunti hapo hapo kwa benchi. Akapata jina la mtaa limekosewa herufi moja. Akafinya "Hariri," akarekebisha, akahifadhi. Alafu akarudi kwa historia kucheki, na jina yake ilikuwa juu kabisa ya orodha.

Leo jioni tafuta page ya kijiji chenu. Ka iko, soma na urekebishe kitu moja yenye una ushahidi nayo. Ka haiko, nenda ukatafute vyanzo, ju hiyo kazi imekungoja wewe.